Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: soka la watoto, Arusha

Ndugu wanachama, wazazi na makocha,

Ya fedha atayasema mweka hazina. Hatuna deni, ila la fundi wa nyavu. Mimi niyaseme yaliyoninyima usingizi.

La kwanza ni vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Mwaka huu hatukuletewa kijeba na wapinzani, tuliwapelekea sisi. Ilikuwa mechi ya chini ya miaka 13, pale Ngarenaro. Mshambuliaji wetu alifunga, akavua jezi kushangilia, na mama mmoja wa upande wa pili akauliza kwa sauti, "Huyo naye wanawe wamekuja?" Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikucheka, maana fomu yake niliisaini mwenyewe bila kudai cheti cha kuzaliwa. Pointi tatu tuliwaachia wenzetu, nami nikaenda na kocha kuwaomba radhi. Tangu siku hiyo, asiye na cheti hapewi jezi. Wapo waliolalamika kwamba hivyo tutafungwa. Ni kweli, tutafungwa.

La pili ni sisi watu wazima. Watoto wakizozana, dakika tano baadaye wanagawana barafu. Sisi je? Kijana wa kidato cha nne aliyejitolea kutuchezeshea alizungukwa na akina baba watatu kwa ajili ya kona. Kona tu! Aliyemwokoa ni kipa wetu, aliyekuja mbio akiwa bado na glavu: "Baba, mpira nimeugusa mimi." Msimu ujao watazamaji watakaa nyuma ya kamba. Atakayeivuka, mchezo utasimama hadi arudi. Kuna waliopendekeza mwanawe atolewe. Kamati ilikataa, kwani kosa si la mtoto.

Kuhusu kadi, timu zikilingana pointi na mabao, tutahesabu za njano. Mnakumbuka Kombe la Dunia 2018: Senegali na Japani zililingana kila kitu, Senegali ikaaga kwa kadi sita dhidi ya nne. Iliuma, lakini kanuni ilikuwepo kabla ya mpira kuanza. Kadi ya kumbishia mwamuzi ndiyo rahisi kuliko zote kuikwepa. Makocha, wafundisheni hilo kabla ya frikiki.

Yule mwamuzi kijana nimemfuata kwao mara mbili. Amesema atafikiria. Filimbi yake bado ninayo.

Mwenyekiti