Miwani ya VR bado haijamfaa mchezaji wa kawaida

Mhariri,

Makala yenu kuhusu gemu za uhalisia pepe (VR), zile unazovaa miwani inayofunika macho ukajiona uko ndani ya mchezo, ilisema teknolojia hii imeshaiva na kwamba kilichobaki ni bei kushuka tu. Naomba nafasi nipinge. Bei imeshashuka na bado mambo hayajakaa sawa. Nina banda la gemu hapa Tanga, na miwani ya VR niliyoletewa na shemeji yangu kutoka Muscat niliiweka bandani nikitoza kwa dakika, kwa hiyo nimeiona ikivaliwa na watu wa kila namna. Ninavyoona mimi, kikwazo kiko kwenye mwili wa mchezaji, na kwa kampuni ambayo haikuachii kifaa hata baada ya kukuuzia.

Hiyo bei tuimalize kwanza. Machi 2016 miwani ya Oculus Rift ilitoka kwa dola 599, na juu yake ulitakiwa uwe na kompyuta yenye nguvu. HTC Vive ya mwezi uliofuata ilikuwa dola 799. Oktoba 2020 ikaja Quest 2 kwa dola 299, haitaki kompyuta wala waya, na Quest 3S ya Oktoba 2024 ikaanzia hapo hapo. Hiyo ni bei ya simu ya kawaida. Simu za bei hiyo zimejaa mitaani, miwani huioni. Hata Marekani kwenyewe haijawa kitu cha kila nyumba, na kitengo cha Meta, wenye Facebook, kinachotengeneza Quest kiliandikisha hasara ya zaidi ya dola bilioni 17 kwa mwaka 2024 peke yake.

Sasa mwili. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo kama unakwenda au umetulia. Ukivaa miwani na gemu ikakupeleka mbio, macho yanasema unakwenda, sikio linasema umekaa kwenye kiti, na tumbo ndilo linaloumia. Ni kile kile kinachompata abiria anayesoma simu wakati basi linapanda kona za Mombo kwenda Lushoto. Watengenezaji wamejitahidi, lazima niseme. Miwani ya leo hubadilisha picha mara 90 kwa sekunde au zaidi, na ukigeuza kichwa picha inakufuata bila kuchelewa. Hilo limesaidia sana kwenye gemu za kusimama mahali pamoja. Beat Saber, iliyotengenezwa na studio ndogo ya Prague na kutoka mwaka 2018, ni mfano mzuri: unasimama, unakata visanduku kwa panga mbili kufuata muziki, macho na miguu vinakubaliana. Bandani kwangu hakuna aliyeugua kwa gemu hiyo, na mama mmoja muuza maandazi aliipenda kuliko vijana wote.

Lakini mteja anataka magari na vita, na hizo ndizo zinazokutembeza huku umekaa. Nilimwona beki wa timu ya mtaani, kijana mwenye pumzi, akivua miwani baada ya mizunguko miwili ya gari. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Aliomba maji, akaenda kukaa kizingitini, akakataa hata kurudishiwa hela yake kwa aibu. Najua wapo wanaozoea wakicheza kidogo kidogo kila siku, na wapo wasiopatwa kabisa. Ila mtu aliyetoka kazini kutafuta burudani hawezi kuambiwa ajizoeze kichefuchefu kwanza.

Jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa ni kwamba kifaa hiki kimetengenezwa kwa uso mmoja. Padi ya PS (PlayStation) unaipokea mkononi kwa mwenzako na mchezo unaendelea. Miwani lazima ulegeze mikanda, usogeze lenzi zilingane na nafasi kati ya macho yako, uweke mpaka wa eneo la kuchezea, halafu ndiyo uanze. Quest 3S ina nafasi tatu tu za lenzi, milimita 58, 63 na 68. Uso wako usipoangukia karibu na hizo, picha inakuwa na ukungu na kichwa kinauma. Dada mwenye rasta nene au kilemba hapati pa kupitisha mkanda wa nyuma. Na joto la pwani! Kitu cha nusu kilo kimekubana usoni, feni inazunguka, lenzi zinashika mvuke, na sponji inayogusa ngozi inalowa kiasi kwamba anayefuata anaivaa ikiwa na jasho la mwenzake. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu uliposambaa Dar es Salaam na mikoa mingine, niliifungia kabatini, maana ningeendelea kuipokezanisha ningekuwa nagawa maradhi. Sponji ina historia hata huko ng'ambo: Julai 2021 sponji za Quest 2 zipatazo milioni 4 huko Marekani zilitangazwa kuwa na kasoro kwa sababu ziliwasha watu ngozi, na wenye miwani wakapewa vifuniko vya silikoni.

Halafu kuna raha ya kucheza pamoja. Watu wengi hapa kwetu walijifunza gemu kwenye benchi, wawili wanacheza na kumi wanashangilia, mmoja Simba mwingine Yanga, kelele juu. Aliyevaa miwani yuko peke yake. Picha inaweza kurushwa kwenye TV, lakini waliokaa wanaona mtu anapunga mikono hewani, baada ya muda mfupi wanarudi kwenye mpira wao.

Na kampuni? PS2 ilitoka mwaka 2000, na ukiwa na mashine nzima na diski bado unacheza leo, hakuna anayekuuliza. Kwenye VR mambo ni tofauti. Gemu ya Echo VR ilikuwa na wachezaji waliopenda kwa dhati ule mchezo wa kurusha kisahani wakielea; Agosti 2023 Meta ikazima seva, yaani kompyuta zake zilizouendesha mtandaoni, mchezo ukafa hata kwa aliyekuwa nao. Mwenye Quest ya kwanza, ya 2019, alipofika 2024 programu mpya hazikumhusu tena. Sony nao, wenye PlayStation, walipotoa miwani ya PS VR2 Februari 2023 kwa dola 550, kuzidi hata PS5 yenyewe wakati huo, gemu za miwani yao ya 2016 hazikuweza kuchezwa humo mpaka zitengenezwe upya. Mtu aliyejinyima kununua gemu hizo akaachwa nazo. Linaniuma hili kwa sababu kwetu kifaa hununuliwa kidumu, kitoke kwa kaka kiende kwa mdogo wake.

Wazazi huniuliza kuhusu watoto. Ninawaeleza yaliyoandikwa: Sony wanasema asiyefika miaka 12 asitumie, Meta walikuwa wakisema 13, wakashusha hadi 10 mwaka 2023 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Ukweli ni kwamba wanaoililia zaidi bandani ni wa miaka saba na minane. Hao siwavalishi.

Ninaloliomba kwenu ni kwamba mkiandika tena juu ya vifaa hivi, mpeni avae mtu wa miwani ya macho, mpeni mwenye nywele za kusuka, mwacheni saa nzima, kisha mtuambie kipi kinafanya kazi bando likiisha na kipi kinagoma. Mtofautishe pia miwani kamili na yale maboksi ya plastiki ya kuchomeka simu, ambayo hufuata kichwa kikigeuka tu, ukisogea hatua moja yenyewe hayajui, na wauzaji huyaita VR vilevile. Google walianza na la karatasi ngumu mwaka 2014, na Daydream, miwani yao ya simu iliyofuata, wakaiacha mwaka 2019. Bado wazazi wanauziwa watoto wao maboksi hayo kama ndiyo teknolojia mpya.

Na wauzaji, wekeni miwani moja mezani ikiwa na chaji. Msimwonyeshe mteja ile video ya samaki papa anayepita pembeni, kila mtu hushangaa kwa hiyo. Mpeni gemu ya kutembea, aivae nusu saa, avue, anywe maji, ndipo mtaje bei.

Mwenye banda la gemu,
Ngamiani, Tanga