Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu, nami ninafanya hivyo kwa mara ya tatu. Mkutano huu ulikuwa ufanyike wiki tatu zilizopita. Akidi yetu ni wanachama 29. Siku ile walifika 22, nikiwemo mimi niliyetangulia saa nzima kupanga viti. Leo tumetimia 31 na ninawashukuru, ingawa ninajua wapo waliokuja kwa ajili ya ajenda ya 6 tu, ile ya kapu la simu.

Kuhusu shughuli sitawachosha. Vilipangwa vikao 24, vikafanyika 21. Vilipangwa vitabu 12; tulivyomaliza ni 9, viwili vimeishia njiani, kimoja hakikufunguliwa. Mada ya mwaka ilikuwa historia ya usomaji na nafasi ya teknolojia katika elimu, mada ambayo, kama kumbukumbu zinavyoonyesha, niliipendekeza mimi. Tulianza na vibao vya udongo vya maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa kale wa Ashuru, kule Nineveh, vizima na vipande zaidi ya 30,000. Tukapita kwa askofu Ambrose wa Milan, ambaye mwanateolojia Augustine alistaajabu kumkuta akisoma kimya, macho yanatembea na ulimi umetulia. Tukafika kwa mpiga chapa Gutenberg na Biblia yake ya miaka ya 1450, tukamalizia na kompyuta za darasani. Mengine yamo kwenye kumbukumbu za katibu.

Suala la kapu

Ninalazimika kulieleza hili kwa kirefu kwa sababu limeelezwa kwa ufupi sana na watu wengine, tena nisipokuwepo.

Katika kikao cha pili cha mwezi wa nne tulikuwa na kitabu cha historia chenye sura 11. Wanachama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walichangia kuhusu sura ya 13. Maneno yalikuwa yale yale, hata mpangilio wa hoja ulikuwa mmoja. Nilipouliza, ikabainika kwamba wote walikuwa wamesoma muhtasari uliotungwa na programu ya akili mnemba, nayo ilikuwa imewaongezea sura mbili ambazo mwandishi hakuziandika. Sikucheka. Wapo waliocheka, na wengine walikuwa wakitafuta hiyo sura ya 13 kwenye simu zao huku kitabu kiko mapajani.

Kikao kilichofuata niliweka kapu mlangoni. Simu zinaingia humo saa ya kuanza, zinatoka saa ya kumaliza. Pia nilitangaza kwamba muhtasari wa mashine hautasomwa kikaoni kama mchango wa mwanachama. Sikuzuia mtu kuutumia nyumbani kwake. Hili limepotoshwa sana.

Inasemwa niliamua peke yangu. Kifungu cha 14 kinampa mwenyekiti mamlaka ya kusimamia utaratibu wa vikao, na baadaye kamati ililithibitisha jambo hilo kwa kura 4 dhidi ya 3. Naambiwa kura moja si ushindi wa kujivunia. Mimi sijivuni, ninahesabu tu.

Pingamizi lenye uzito lilitoka kwa mwanachama mmoja aliyeandika barua ya kurasa nne, kwa mkono, na ninamheshimu kwa hilo. Alinikumbusha simulizi tuliyoijadili sote, ile ambayo Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamtia mwalimu wake Socrates mdomoni: Theuth, mvumbuzi wa herufi, anampelekea mfalme Thamus wa Misri zawadi ya maandishi, na mfalme anaikataa. Anasema watu wataacha kuzoeza kumbukumbu zao, watategemea alama za nje, watasikia mengi wasijifunze lolote, wawe na sura ya wenye hekima bila hekima yenyewe. Hoja ya barua ilikuwa kwamba Thamus alikosea, na kwamba malalamiko yake tunayajua kwa sababu tu Plato aliyaandika. Tangu hapo baadhi yenu mmekuwa mkiniita Mfalme Thamus. Nimesikia.

Barua ilimtaja pia Johannes Trithemius, abate, yaani mkuu wa watawa, wa Sponheim huko Ujerumani, aliyeandika mwaka 1492 kuwasifu wanakili wa mkono na kudai kwamba maandishi ya kwenye ngozi hudumu miaka elfu ilhali karatasi haitafika mbali. Mwaka 1494 kitabu chake kikatolewa huko Mainz, kwa mashine ya kupiga chapa. Nakubali kwamba inachekesha. Nakubali pia kwamba tangazo langu la kapu niliwatumia kwenye kundi la simu.

Lakini tumwangalie Thamus kwa makini kabla ya kumdhihaki. Je, alikosea kweli? Nani kati yetu leo anaweza kughani utenzi wa beti mia tano kwa kichwa? Uwezo ule ulipungua kama alivyosema. Ambacho hakukiona ni faida iliyokuja badala yake, maana maandishi yalimwezesha mtu kurudi kwenye hoja ya jana, kuilinganisha na ya leo, na kumkosoa mwenye kuitoa hata kama amekwisha kufa. Kila chombo kimechukua kitu na kuleta kitu. Swali langu, ambalo barua ile haikulijibu, ni hili: muhtasari wa mashine unaleta nini badala ya ile kazi ya kusoma kurasa 300 na kubishana nazo? Maandishi yalitupunguzia kazi ya kukariri, na kufikiri kukabaki kwetu. Mwenye kuletewa hoja, jibu la hoja na hitimisho amebakiwa na kazi ya kutikisa kichwa.

Wengine wamesema vitabu vimepitwa na wakati, hivyo ninapigana na mawimbi. Mvumbuzi Thomas Edison wa Marekani naye alitabiri mwaka 1913 kwamba vitabu vitatoweka shuleni na kwamba sinema itaubadili mfumo wote wa shule ndani ya miaka kumi. Miaka kumi ilipita, vitabu vikabaki. Ikaja redio, ikaja televisheni, zikaja kompyuta, na kila mara mtabiri alikuwepo na tarehe yake mkononi.

Kwenye kikao cha kamati nilitumia pia uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Ulionyesha kwamba watu huelewa vizuri zaidi wakisoma kwenye karatasi kuliko kwenye kioo cha kompyuta au simu, hasa wanapobanwa na muda. Mjumbe mmoja alinisomea sehemu niliyoiruka, kwamba kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana, ila kwa maandishi ya maarifa. Alinisomea akiwa na simu mkononi. Sawa. Mwaka huu tulikuwa tunasoma historia, si hadithi, kwa hiyo hoja yangu inasimama palepale.

Kuna jambo moja ambalo sitalitetea. Mwanachama mwenzetu mwenye uoni hafifu hutumia simu kukuza maandishi na kusomewa kwa sauti. Siku ya kwanza ya kapu, simu yake nayo iliingia humo. Alikaa kikao kizima bila kusema neno, nami nikadhani amekubaliana na utaratibu. Ilinichukua vikao viwili kutambua. Kwake yeye simu ndiyo kitabu, na mimi nilimnyang'anya kitabu mlangoni mwa chama cha wasomaji. Nilimwomba radhi nyumbani kwake na ninamwomba tena hapa. Tangu mwezi wa sita anayehitaji kifaa ili asome anaingia nacho, haulizwi.

Mahudhurio na ada

Inasemwa kapu ndilo lililowafukuza watu. Takwimu za katibu hizi hapa: Januari wastani ulikuwa 33 kwa kikao, Aprili 24, Mei 19, Desemba 16. Yaani kabla kapu halijanunuliwa tulikuwa tumekwisha kupoteza watu 9. Mwenye kutaka kunilaumu kwa waliotoka baada ya Mei anilaumu, lakini wale wa Januari hadi Aprili nani aliwafukuza? Wapo wanachama wanaoandika kwenye kundi la simu kila asubuhi kuhusu umuhimu wa kusoma, na sijawaona kikaoni tangu mwaka juzi.

Ada ni hivi: wanachama 58, waliolipa kamili 19, waliolipa nusu 14, ambao hawajatoa hata senti 25. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, safi kabisa, mali ndiyo haipo. Vitabu viwili vilivyoishia njiani viliishia hapo kwa sababu nakala hazikutosha, na nakala za kitabu cha tatu nilizinunua mwenyewe. Risiti anazo mhazini. Sidai nirudishiwe, ila nilitaka ijulikane. Miongoni mwa hao 25 wamo watatu waliotia saini barua ya kutaka kapu liondolewe. Sitawataja, wanajijua.

Mwaka ujao

Tunatarajia kuongeza vikao vya vijana, hali ikiruhusu. Kuna wazo la kuzungumza na walimu ili tuwasomee wanafunzi mara moja moja. Kuna wazo jingine la kurekodi vitabu kwa sauti, lililotoka kwa mwanachama niliyemtaja juu, na ningependa lifanyiwe kazi kabla ya mengine yote, fedha zikipatikana. Kuhusu akili mnemba, kamati itakaa iandae mwongozo. Nilisema hivyo mwezi wa saba pia.

Ajenda ya 6 itapigiwa kura baada ya mapumziko. Mkiamua kapu liondoke, litaondoka, na nitaendelea kupanga viti hadi muda wangu uishe. Kwa sasa liko chini ya meza ya katibu, na ndani yake kuna chaja moja nyeusi iliyosahauliwa tangu mwezi wa tisa. Mwenyewe aje aichukue.

Mwenyekiti