Barua kwa mwanangu: namba isiyo na ukurasa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu, sote tu wazima. Ujumbe wako nimeusoma. Nimefurahi kwamba umepata bastola na kwamba unataka kujipakilia risasi mwenyewe, ila mstari mmoja umeninyima usingizi: kipimo cha baruti cha .357 Magnum, aina ya risasi ya bastola yako, umepewa na rafiki, namba tupu kwenye simu. Imetoka ukurasa gani wa kitabu gani? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Namba ya greni, yaani uzito wa baruti, haisimami peke yake. Inakwenda na baruti ya jina lile lile, kichwa cha risasi cha uzito na umbo lile lile, fataki ile ile (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti), ganda, na urefu wa risasi ikishakamilika. Kichwa cha madini ya risasi tupu na kile kilichovikwa shaba havitumii ukurasa mmoja hata vikilingana uzito. Kichwa kikizamishwa zaidi ya kitabu kinavyosema, nafasi ndani ya ganda hupungua na shinikizo hupanda. Huyo rafiki alikutajia fataki? Alikutajia urefu?

Kikomo cha shinikizo cha .357 Magnum ni pauni 35,000 kwa inchi mraba, wakati .38 Special, ndugu yake mfupi, inaishia 17,000. Ganda la magnum lilirefushwa kwa milimita 3 na kitu ili lisiingie kwenye silinda ya .38. Kwa hiyo kipimo cha magnum usikitie kamwe kwenye ganda la .38, hata kama maganda ya .38 ndiyo yaliyojaa mezani kwako.

Sasa hili la baruti ya H110. Umeandika kwamba utaipunguza “sana tu, kwa usalama”. Hapana, mwanangu. Najua ni uangalifu, na uangalifu wako ninaujua, lakini kwa baruti hii unakupeleka pabaya. H110 na W296 ni baruti moja kwa majina mawili: huungua polepole, na ili iwake sawasawa inataka ganda lililojaa, fataki ya magnum na mdomo wa ganda uliobanwa vizuri. Hodgdon, wauzaji wake wenyewe, wanaonya usiipunguze zaidi ya asilimia 3. Kwa hesabu tu, kama ukurasa unasema 20, asilimia 3 ni greni 0.6, si greni 2. Ukishuka chini ya hapo inaweza kuwaka nusu nusu, kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Ukitaka risasi laini, badilisha baruti, usiibembeleze hii.

Kwa baruti nyingine nyingi, anza na kipimo cha chini cha kitabu. Kitabu kikitoa cha juu pekee, shuka asilimia 10, pakia chache, kisha panda kwa greni 0.2 au 0.3. Usisubiri fataki ziwe bapa ndipo uamini umezidisha. Kwenye bastola dalili hizo huja zimechelewa, na fataki nyingine huwa bapa hata kwa kipimo halali. Maganda yakianza kung'ang'ania silinda usiendelee kupanda, rudi chini.

Baruti za kuungua haraka, kama Bullseye, zina hatari yake. Kipimo chake ni kidogo mno ndani ya ganda refu la magnum, hivyo ukimimina mara mbili hakuna kinachofurika wala kinachokushtua. Panga maganda yote kwenye kibao cha matundu, chukua tochi, chungulia moja moja kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Wewe una mkono mtulivu kuliko wangu, na hilo ninajivunia, lakini una tabia ya kupokea simu katikati ya kazi. Simu ibaki chumba kingine. Mezani liwe kopo moja tu la baruti.

Mizani ya umeme iangalie kioo chake: greni au gramu? Gramu moja ni greni 15.4, na kitufe hubadilika kwa kuguswa tu. Ipime kwa vyuma vya uzani kabla ya kuanza na tena katikati, mbali na feni. Kipimio cha kumimina kikishatulia, pima mimino kumi ndipo ukiamini.

Mdomo wa ganda ukunje uingie kwenye mfereji wa kichwa. Usipobana, msukumo wa kila mlio huvuta vichwa vilivyobaki mbele hadi kimoja kinazuia silinda kuzunguka.

Ukisikia mlio hafifu, acha hapo hapo. Subiri nusu dakika mtutu ukielekea shabaha, toa risasi zote, pitisha ufito mtutuni. Silinda ikikataa kufunguka usiilazimishe, mpelekee fundi wa bunduki. Na kama bastola ni Smith & Wesson Model 19, vichwa vyepesi vya greni 125 kwa kipimo cha juu usivizoee; vinajulikana kupasua nyuma ya mtutu pale unapoingia kichwa.

Lile kopo lisilo na lebo uliloliulizia halitakuja kwako. Hakuna ajuaye kilichomo, na kukisia baruti kwa rangi ya chembe si kujua.

Stoo imeanza kuvuja upande wa dirisha, kwa hiyo baba yako amehamishia makopo yetu kwenye kabati kavu la juu na ufunguo anatembea nao. Mdogo wako analalamika kwamba rafu yake imechukuliwa; nimemwambia ni mpaka bati litengenezwe. Baba yako akija atakuletea mizani yetu ya mhimili, vyuma vyake vya uzani, na zile shuka mbili ulizoacha. Kitabu cha vipimo kinunue mwenyewe, toleo jipya, na unitumie picha ya ukurasa kabla hujafungua kopo.

Mama yako