Kabla hamjauza nyumba ya Tabata

Wadogo zangu wauguzi na walimu wa Dar es Salaam mnaokaribia miaka 60,

Marahaba, hata kabla hamjaniamkia.

Siku hizi nikikaa nanyi kwenye misiba na harusi nasikia mada mbili tu: kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya kustaafu, na mahali pa kwenda kuishi mkishakabidhi ofisi. Kwenye kikokotoo sina la kuongeza. Tangu Julai 2024 mkupuo, zile fedha za mara moja mnazopewa mkistaafu, kwa walio wengi wenu ni asilimia 40, kinachobaki kinakuja kila mwezi kikiwa pensheni, na kunung'unika hakuongezi hata senti. Mada ya pili ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, maana naona mnapanga makazi kwa macho ya mgeni aliyekuja kulala siku mbili.

Mmegawanyika. Wapo wanaotaka Morogoro, mji mdogo wenye vyuo vyake na Milima ya Uluguru mgongoni. Wapo waliopelekwa Matema, wilayani Kyela, kwenye semina, wakayaona maji ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone ikiteremka mpaka ufukweni, wakarudi Dar wanachora ramani ya nyumba yenye baraza inayotazama ziwa. Mimi nimezaliwa Kyela na ninazeekea Morogoro. Kote nina ndugu, kote nimezika.

Swali langu ni moja na si la kupendeza. Mnahama wawili, na mmoja atatangulia. Yule atakayebaki, akiwa na miaka 75, magoti yanauma, sukari inapanda na kushuka, gari limeuzwa, watoto wako Dodoma na Dubai, mnamwacha wapi? Huyo ndiye mnayemtafutia mahali. Nyinyi wa leo, wenye nguvu zenu, mnaweza kuishi popote.

Nianze na kwetu. Uzuri wa Matema hauna ubishi. Mchele mnaoulipia bei ya ajabu Kariakoo kule unatoka shambani. Mbasa anatoka ziwani asubuhi, usipa unaanikwa mchangani, na Jumamosi pale Lyulilo mnapata vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ambavyo maharage yakipikiwa humo hamtarudi kwenye sufuria. Lami nayo imeingia, kutoka Kikusya kupitia Ipinda. Kijana mwenye kazi ya kompyuta na afya njema aende, asinisikilize mimi.

Lakini nyinyi mlikwenda Septemba. Semina zote huenda Septemba. Nendeni Aprili. Kyela ni bonde linalopokea maji ya milima yote ya Rungwe. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote zinamwaga ziwani upande ule, na masika yakikolea mashamba na njia za miguu hukaa ndani ya maji, mbu wakaneemeka. Malaria ya kule nimeihudumia, siihadithii. Kuna siku wingu jeusi linasimama juu ya ziwa mkadhani kuna moto: ni kungu, vidudu vidogo, na upepo ukiwaleta nchi kavu mnafunga mdomo na madirisha. Sisi tunawakamata, tunawakanda, tunawala. Nyinyi sijui.

Matema ina hospitali ya Walutheri na wenzetu wa pale wanafanya kazi ya heshima. Ila mkisema kiharusi, figo au saratani, safari ni Mbeya, zaidi ya kilomita 100, mkipanda milima ya Tukuyu. Wauguzi, sihitaji kuwaeleza maana ya saa za mwanzo kwa mgonjwa wa kiharusi.

Halafu ile baraza inayotazama ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kile kiwanja mlichoonyeshwa, ambacho mawimbi yanasikika hadi kitandani, kipimeni kwa futi kamba kabla ya kutoa hela. Na kama ni ardhi ya kijiji, inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Mgeni anaomba kwa halmashauri ya kijiji, na kijiji hakigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti na mashahidi wawili waliopewa soda itawatia kwenye baraza la ardhi mpaka pensheni iishe.

Hapa niseme na wanawake, wanaume mnaweza kusikiliza. Wengi wenu mnaokwenda "ziwani" mnakwenda kwa mume. Yeye anarudi nyumbani. Wewe unakwenda ugenini ukiwa na miaka 60. Akiwepo, utaitwa mama mwenye nyumba. Akiondoka, utajua kiwanja kilikuwa cha nani. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 ilitamka kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mahakama na Katiba zina lao la kusema, lakini siku ya kuanua tanga hakuna anayefungua Katiba. Wanaokaa kwenye mkeka ni wazee wa ukoo, na mawazo ya 1963 bado wanayo vichwani. Nimeona mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyejenga nyumba ile kwa mkopo uliokatwa kwenye mshahara wake, akiulizwa na shemeji mwenye umri wa mwanawe kama "ataendelea kukaa". Kwa hiyo, dada, hati iwe na majina mawili tangu siku ya kwanza, iwe hati ya kimila au ya mjini. Mume anayekupenda hataona haya kwenda nawe kwa afisa ardhi. Anayesema "kwetu hatufanyi hivyo" amekwisha kukujibu lile swali langu.

Sasa Moro. Wenyewe tunauita mji kasoro bahari, na kasoro nyingine tunazijua ila hatuzitangazi. Nizitangaze. Kwanza, hapa si Lushoto. Milima ipo, baridi iko juu huko milimani. Sisi tuko bondeni, mita kama 500 tu, na Novemba mpaka Februari mtafungua madirisha yote na bado mtalala na khanga. Pili, maji. Bwawa la Mindu linajaa tope miaka yote na mgao tumeuzoea, kwa hiyo nyumba isiyo na tangi kubwa msiitazame mara mbili. Tatu, mito ya Uluguru haina adabu. Mitaa ya mabondeni, Mafisa na sehemu za Kihonda, viwanja vyake ni rahisi kwa sababu inayojulikana na kila mtu isipokuwa mnunuzi kutoka Dar.

Pamoja na hayo, mji wenye vyuo una kitu ambacho mzee anakihitaji na hajui kukiomba. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kipo tangu 1984, Mzumbe iko barabara ya Iringa, na vyuo vingine vimefuata. Ukifuga kuku wakaugua, hospitali ya mifugo ya SUA iko hapahapa. Ukitaka miche ya parachichi au ya machungwa, hununui kwa kubahatisha barabarani. Hata panya wetu wamesoma: ni SUA ndiko panya buku wanakofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mjukuu akija likizo hilo pekee linatosha kumfanya asiombe kurudi Dar.

Vyumba ndivyo ninavyowasisitizia zaidi. Wanafunzi wanatafuta pa kupanga kila Oktoba. Mjane mwenye vyumba viwili vya uani, vyenye choo chake na mita yake ya luku, ana kodi mkononi, na zaidi ya kodi ana watu. Binti wa mwaka wa pili anayepanga uani ndiye atakayegundua kwamba leo bibi hajafungua mlango mpaka saa nne. Ndiye atakayeita bajaji. Watoto wenu wa Dubai watapigiwa simu na huyo. Kelele zipo, sikatai. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka mtaa mzima haulali, na likichelewa hata muuza chipsi ananuna. Likizo ndefu ikifika mji unapoa, kodi inakatika kwa miezi kadhaa, kwa hiyo msiiweke kwenye hesabu ya chakula.

Na treni. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika Dar kwa muda usiofika saa mbili. Mgonjwa wa kliniki ya Muhimbili anaondoka asubuhi, anarudi jioni kulala kitandani kwake. Stesheni iko nje ya mji, jumlisheni nauli ya bajaji.

Kwa hiyo nimewachagulia Moro? Wengi wenu, ndiyo, na siombi radhi. Ila mume na mke ambao wote ni wa Kyela, wenye ndugu wanaopatana nao, shamba lenye hati na mtoto mmoja aliyeamua kubaki huko, waende ziwani leo. Kule ukiumwa hulali peke yako, na ukifa unazikwa na watu wanaojua jina la babu yako. Hilo Moro haina.

Upande wowote mtakaoelemea, pangeni kwanza. Mwaka mzima, masika yakiwemo na joto likiwemo. Msijenge na mkupuo ukiwa bado wa moto. Na nyumba ya Tabata msiiuze. Ipangisheni, kodi ya Dar iwalipie pango la huko mnakojaribu, na pakiwashinda mna pa kurudi. Mkifika, wiki ya kwanza nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkajiandikishe, tafuteni jumuiya yenu au msikiti wenu, na ingieni kwenye chama cha kuzikana cha mtaa. Huku mtu huanza kufahamika siku anapoonekana kwenye turubai la msiba wa jirani, akiwa ameshika sufuria na si simu. Wale mnaosema mtapumzika kwanza mwaka mmoja ndipo muanze kujichanganya, msije.

Wa Morogoro, nyumba za kupanga zinapatikana vizuri Agosti na Septemba, kabla wanafunzi hawajarudi. Mkichelewa mpaka Oktoba mtagombania na watoto wa chuo na dalali atachukua kodi ya mwezi mzima akiwa anacheka. Ulizeni Bigwa, Forest na Kilakala kabla ya kwenda mbali. Wa Matema, nipeni muda niongee na wifi yangu wa Ipinda, ana chumba na sebule anapangisha, na ndoo ya maji atawaonyesha wenyewe inapojazwa.

Dada yenu mkubwa,
muuguzi mstaafu,
Bigwa, Morogoro