"Babu, aliiokota?"

Mhariri,

Jumapili iliyopita mjukuu wangu wa darasa la sita alikuwa ananisomea gazeti lenu barazani hapa Temeke, kwani macho yangu hayawezi tena maandishi madogo. Akafika kwenye habari ya nje iliyosema mkubwa mmoja alikaa kimya kwa muda, kisha "peni ikadondoka". Akainua uso. "Babu, aliiokota?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mwingereza akisema hivyo ana picha ya zile mashine za kutumbukiza sarafu: unatia peni, inakwama njiani, unangoja, hadi idondoke ndipo mashine ifanye kazi. Yaani yule mkubwa alikuwa hajaelewa, mara kikamwingia. Mfasiri wenu angeandika "akang'amua" tu, mtoto angeendelea kusoma.

Nilifundisha Kiingereza sekondari miaka 31, na misemo hii ya sarafu naipenda sana. Ndiyo maana inaniuma ikihamishwa neno kwa neno. "Kutumia peni", kwa mfano, ni kwenda haja, kwa sababu milango ya vyoo vya umma kule Uingereza ilikuwa na kufuli la kutia peni moja. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye zoezi la tafsiri kwamba yule bibi "alikwenda dukani kutumia peni". Nikamkata alama. Hadi leo najuta, maana sikuwa nimemweleza habari ya lile kufuli, angejuaje?

Na yule anayeambiwa ana busara ya peni na upumbavu wa paundi, msomaji wa Mbagala atampimaje? Kabla ya Februari 15, 1971, paundi moja ilikuwa peni 240. Pengo hilo ndilo lililoupa msemo ukali wake, na Waingereza wenyewe sasa wanahesabu peni 100. Wakisema aliyeingia kwa peni aingie na kwa paundi, sisi tuna maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kuna haja gani ya kukopa?

Sarafu zetu nazo zimeacha maneno. Hela tumeipata kwa sarafu za Wajerumani. Tangu 1904 rupia yao ilikuwa hela 100. Senti hamsini yenye sungura tuliiita sumni. Shilingi tano ilikuwa dala, na nauli ilipokuwa shilingi tano makonda waliita "dala! dala!" mpaka gari lenyewe likapata jina. Bungeni Dodoma, wakati wa bajeti, mbunge akisema anashika shilingi ya mshahara wa Waziri, hata mama muuza vitumbua hapa mtaani anajua kwamba Waziri atabanwa mpaka atoe majibu. Hiyo haihitaji kufafanuliwa, kwa sababu tumeitumia wenyewe ikatukaa mdomoni.

Sasa mwandishi wenu wa safu ya katikati anamaliza makala yake kwa "hizo ndizo senti zangu mbili". Nimeliona mara tatu mwezi huu. Mmarekani akisema hivyo anajishusha, kwamba maoni yake ni kidogo tu. Kwetu mtu huyo husema "huo ndio mchango wangu", akakaa.

Naomba, Mhariri, habari za nje zipitiwe na mtu mwenye masikio ya Kiswahili kabla hazijachapwa. Na mkitaka kutufundisha msemo wa Kiingereza, tupeni na hadithi ya kitu chenyewe, kufuli na mashine, watoto wanaipenda. Wangu alinikalisha barazani mpaka magharibi akiuliza ile peni ilikwama wapi, na kesho yake akaniomba nimtafutie dala. Ninayo moja, kwenye kopo la vifungo la marehemu bibi yake.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam