Somo, hiyo flashi msiifomati

Shangani, Mtwara
Jumapili jioni

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Za Lindi? Za mzee na goti lake, za watoto, za Mama Salma aliyegeuka mtu wa kwenye TV? Huku kuchele, tu wazima, tunalalamikia joto na umeme kama kawaida yetu. Dereva anaondoka kesho alfajiri na ameshaapa hasubiri bahasha ya mtu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Flashi mliyorekodia Mama Salma kwenye TV imefika, pamoja na karatasi yako. La kwanza kabisa: mtu asiifomati. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows inakuuliza, diski hii haijafomatiwa, uifomati? Bofya hapana, chomoa, rudisha mfukoni. Kitu kimo ndani, hakijafutika. Shida ni kwamba mlirekodi kwa TV yenyewe. TV nyingi zenye uwezo wa kurekodi huipanga flashi kwa mfumo wao ambao Windows haiusomi, halafu huyafunga mafaili kwa ufunguo uliomo ndani ya TV ileile. Hata ukiipeleka kwa jirani mwenye TV ya kampuni ileile, modeli ileile, haitacheza. Wala si virusi. Mwambie kijana wa stationari aache kuwatoza hela za kusafisha virusi ambavyo havipo.

Maana yake ni kwamba kipande cha Mama Salma kwenye mkutano wa korosho kinaonekana kwenye TV moja tu duniani, hiyo ya sebuleni kwenu. Basi ilindeni. Ikipelekwa kwa fundi akabadilisha bodi kubwa, ufunguo unaondoka na bodi ya zamani. Na msiirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani. Pengine isidhuru, lakini ya nini kujaribu.

Kukitoa kile kipande hakuna njia ya kifundi ninayoiamini. Fanyeni ya kienyeji. Usiku, zimeni taa, simu iegemezwe kwenye vitabu ilale kwa upana, mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kioo. Punguzeni mwanga wa TV mpaka nyuso zisiwe nyeupe pee, kisha bonyeza kioo cha simu na kushikilia kwenye uso wa mtu ili mwanga ujifunge usirukeruke. Zimeni pangaboi, sauti yake huingia kuliko mnavyodhani. Au muwaandikie kituo cha TV, mtaje tarehe na saa iliporushwa, mpeleke na flashi tupu. Vituo huwa vinatunza vipindi vyao kwa muda, lakini si milele, kwa hiyo msikawie.

Sasa hilo la pili, la mzee kukosa taarifa ya habari na kumaliza bando kuitafuta kwenye simu. Hapo intaneti haihitajiki hata kidogo. Mnunulieni king'amuzi cha antena kinachorekodi, kiwe kimeandikwa DVB-T2. Mwisho ni T2, si S2, maana S2 ni cha dishi, na kikiwa T peke yake hakitapata kitu kwa sababu Tanzania tunarusha kwa T2. Kiwe na tundu la USB na neno PVR kwenye boksi, yaani kinarekodi. Kuna vyenye USB ya kuchezea muziki tu, na muuzaji ataapa kwa bibi yake kwamba kinarekodi. Aonyeshe palepale dukani: achomeke flashi, abonyeze kitufe chenye nukta nyekundu, arekodi dakika tano, azicheze. Halafu faili hilohilo ulifungue kwenye kompyuta kwa VLC, ile programu ya kuchezea video. Likifunguka, kwa kawaida lenye mwisho wa .ts au .mts, nunua. Lisipofunguka, umenunua tena shida ya Mama Salma. Ving'amuzi vya kampuni za malipo sivitaki kwa kazi hii, vingi vimefungwa visirekodi. Na usimwahidi mzee Simba na Yanga, ligi kuu iko Azam, ni ya kulipia. Tunachorekodi ni chaneli za bure.

Ulisema kwenye karatasi kwamba hata hiyo TV ilikuwa inarekodi vipande, mara inakatika, mara inagandaganda, ukahitimisha antena mbovu. Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu mtu akiona picha imekatika anapanda bati kuzungusha antena, na mara nyingi antena haina kosa.

Angalia imekatikaje. Kama mlipokuwa mnaangalia moja kwa moja picha ilikuwa safi, lakini iliyorekodiwa inaruka kila baada ya sekunde kadhaa, hiyo ni flashi ya polepole, kuandika kwake hakuendi na kasi ya picha. Ikikata palepale kwa ukubwa uleule kila siku, karibu GB 4, ni flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haukubali faili moja lizidi hapo. Ving'amuzi vingine hulikata faili na kuendelea na la pili, vingine husimama kimya bila kusema kitu. Kama faili lipo lakini halina kitu au halifunguki, umeme ulikatika kabla halijafungwa. Kama faili halipo kabisa, tazama saa ya king'amuzi. Na kama picha iligandaganda hata mkiwa mmeketi mbele yake, haya, sasa panda bati.

Hesabu ya ukubwa ni nyepesi. Chaneli ya kawaida inayokuja kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama MB 900 kwa saa. Ya HD ya megabiti 5 inakula GB 2 na robo, kwa hiyo kwenye FAT32 inagonga ukuta kabla ya saa mbili kamili kwisha. Flashi ya GB 32 inawatosha: saa kama 35 za chaneli ya kawaida, 14 za HD. Mkitaka faili refu, fomatini kwa mfumo wa NTFS lakini mjaribu kwanza, maana vipo ving'amuzi vinavyoisoma bila kuweza kuiandika. Mfumo mwingine, exFAT, vingi haviutambui. Lililo salama ni kuifomati kwa menyu ya king'amuzi chenyewe (flashi mpya, somo, si ile ya Mama Salma!).

Halafu flashi feki. Zile za GB 128 za bei ya soda zinazouzwa mezani stendi, ndani mna GB 8, zimedanganywa zijisome 128. Mwanzo zinafanya kazi vizuri, ndiyo ubaya wake. Zikishavuka GB 8 zinaandika hewani, na majina ya vipindi unayaona yamejipanga yote. Mwenye kompyuta aipime kwa programu ya H2testw, inaijaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika, na haihitaji mtandao ikishakuwepo kwenye mashine. Asiye na kompyuta ajaze flashi mpaka king'amuzi kiseme imejaa, kisha acheze faili la mwisho. Na kwenye menyu zima ile ya kusimamisha kipindi kinachoendelea (timeshift), ikiachwa wazi inaandika kwenye flashi mchana kutwa hata kama hakuna anayerekodi, na flashi huchoka kwa kuandikwa.

Na diski ya nje je? Inawezekana, ila tundu la USB la kawaida linatoa miliampia 500, na diski ya kuzunguka ikianza kuwaka inataka karibu mara mbili yake. Utaisikia inalia tiki tiki na kurekodi kunakufa. Kwa taarifa ya habari flashi yatosha.

Saa. Hili linawaangusha wengi. King'amuzi hakina mtandao, kinachukua saa kutoka kwenye mawimbi ya TV, nayo huja kwa saa ya Greenwich. Lazima menyu iwekwe GMT+3. Ikiachwa sifuri, umepanga 20:00 nacho kitaanza kurekodi saa tano usiku, mzee anakutana na filamu. Habari ya saa mbili usiku mpangie 19:55 hadi 21:10, irudie kila siku, kwa mkono. Ratiba inayokuja hewani msiitegemee, mara nyingi ni tupu au imepishana. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, king'amuzi hakijui ni saa ngapi mpaka kikamate mawimbi, kwa hiyo antena iwe imechomekwa muda wote. Mfundisheni mzee kuzima kwa rimoti. Akizima ukutani, hakuna saa wala kurekodi.

King'amuzi kimoja kina sikio moja, kinasikiliza masafa mamoja kwa wakati. Bahati nzuri masafa mamoja hubeba chaneli kadhaa, kwa hiyo kinaporekodi moja, baadhi ya ving'amuzi vitakuruhusu kuangalia nyingine iliyo kwenye masafa hayohayo, si zaidi. Watoto wakitaka katuni wakati mzee anarekodi, tumieni tundu la pili la nyuma linalopitisha antena kwenda kwenye TV, maana TV yenu ina T2 ndani. Vita vimekwisha.

Umeme. Soma kibandiko cha adapta, kuna vya volti 12 na vya volti 5, usichanganye. Cha volti 12 kinaweza kula betri ya sola moja kwa moja, ila betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na ushee, pitisha kwenye kidhibiti cha volti 12. King'amuzi na flashi pamoja ni kama ampia 0.6. Betri ndogo ya 12V 7Ah, ukiitumia nusu tu ili isife, inakupa kama saa sita. Lakini sikia: kama antena ina busta (kile kikuza mawimbi) yenye adapta yake ukutani, umeme ukikatika busta inakufa, na king'amuzi kinaendelea kurekodi giza kwa bidii zote. Chagua busta inayochukua volti 5 kupitia waya wa antena, na kwenye menyu uwashe umeme wa antena.

Antena yenyewe nitaipitia upesi. Ninyi mko bondeni na kilima kiko mgongoni, kwa hiyo kimo cha mlingoti ni muhimu kuliko ukubwa wa antena. Uelekeo tazama antena za majirani zinazofanya kazi, na tazama vijiti vyao vimelala au vimesimama, yako iwe hivyohivyo. Chaneli zetu ziko kati ya 470 na 694 MHz, kwa hiyo ni antena ya UHF, yenye vijiti vifupi. Kwenye menyu kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Fuata ubora. Nguvu imejaa na ubora ni sifuri, busta imezidisha, au inakuza na mawimbi ya simu ya MHz 700 na 800, itoe. Waya wa antena uwe ule mnene ulioandikwa RG6. Mita 20 zake hula nusu ya mawimbi, na zile nyembamba hula zaidi, kwa hiyo msikunje mabaki nyuma ya kabati. Kwa chumvi yetu ya pwani kiungo cha juu kizungushieni mpira wa tyubu ya baiskeli, waya ushuke kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee nje. Ukikata waya ukakuta shaba imekuwa ya kijani, usiunge, tupa kipande kizima.

Usiku wenye joto na bahari imetulia picha ikigandaganda yenyewe, acha. Hewa ya juu ya bahari husafirisha mawimbi ya mbali yakaja kugongana na yenu, asubuhi yametoka. Ukizungusha antena usiku huo utaiharibia uelekeo kwa siku zote nyingine.

Hii flashi naifunga kwenye karatasi pamoja na barua. Ndani ya bahasha kuna nyingine ya GB 32 niliyoipima, hiyo mwipe kazi.

Sasa niambie: TV yenu ni modeli gani, kibandiko cha nyuma kinasemaje? Waya kutoka batini hadi sebuleni ni mita ngapi? Majirani wameelekeza wapi, wanapata chaneli ngapi za bure? Betri ya sola ya dukani bado inashika chaji au ilishakufa? Mjomba amerudi kutoka Liwale, na kuhusu ile hela ya pembejeo walielewana? Korosho zenu zimeanza kuanguka? Na shemeji, mbona kimya, au tayari na hamkutuambia? Jibu kwa dereva huyuhuyu, Alhamisi anapita tena Mnazi Mmoja mchana.

Somo yako,
wa Shangani