Kishikwambi cha mwalimu kisiishie kwenye moduli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu vishikwambi tulivyokabidhiwa walimu baada ya kutumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Mjadala mkubwa umekuwa juu ya bando, na ni haki uwe hivyo, kwa kuwa mwalimu wa huku vijijini Kongwa anayetaka kusoma moduli, yaani masomo ya kujisomea, za Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) mara nyingi hulipia intaneti kutoka mfukoni mwake. Hata hivyo, kifaa hicho kina kamera isiyohitaji bando wala mnara, ambayo katika shule ninazozifahamu huonekana zaidi siku ya mahafali.

Shuleni kwetu tulikubaliana, katika jumuiya yetu ya walimu ya kujifunza, mwenzetu mmoja arekodiwe akifundisha Hisabati Darasa la Tano, mada ikiwa kutoa sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Baada ya vipindi tulikaa tukaitazama video hiyo pamoja naye. Ni mwalimu mzoefu na ubao wake ulipangika vizuri, lakini karibu maswali yote yaliwaendea watoto wa madawati ya mbele. Zaidi ya hayo, mtoto aliyetoa nusu kutoka robo tatu akapata mbili ya mbili, yaani kizima, aliambiwa amekosa na akaketi, ilhali jibu hilo, lililozidi hata kile alichoanza nacho, lilistahili kuulizwa limepatikanaje. Mwenyewe ndiye aliyeomba turudishe nyuma tutazame tena. Kipindi kilichofuata alianza na jibu lilelile, akawapa watoto karatasi wakunje.

Sidharau moduli, tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutekelezwa mwaka 2024 tunazihitaji. Ila moduli haijui mimi nafundishaje, na taarifa tunazotakiwa kujaza huuliza zaidi ni walimu wangapi wamezifungua. Ningeiomba Taasisi ya Elimu Tanzania, pamoja na Maafisa Elimu Kata wanaotutembelea, wahesabu kikao cha kutazama somo lililorekodiwa kuwa sehemu kamili ya MEWAKA, na kitengewe muda kwenye ratiba badala ya kusubiri walimu wachoke.

Yapo masharti mawili. Watoto wanaoonekana katika video wanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo wazazi waombwe ridhaa, na video isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp, bali ifutwe baada ya kikao. La pili, na kwangu ndilo zito, ni kwamba video hiyo isigeuzwe ushahidi wa kumpima mwalimu wala kuambatanishwa kwenye jalada lake, kwa maana siku hilo litakapotokea mara moja tu, hatapatikana mwalimu wa kukubali kurekodiwa tena.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kongwa, Dodoma